Maharage Yasiyoamka

Kila nyumba kijijini ilipanda maharage yaliyotegwa saa ya kulala na kuamka ndani ya mbegu, na walioyala walilala na kuamka pamoja nayo. Tusekile peke yake hakuyala, kwa sababu ya vidonda vya tumbo.

Leo, saa nne asubuhi, mumewe na mtoto wao Lusajo walikuwa hawajaamka. Alikimbilia shambani, akakuta majani ya maharage bado yamejikunja kama usiku. Akampigia simu bwana shamba.

“Saa imekwama, mama. Hata mimi nayala; nimekunywa kahawa usiku kucha nisilale.”

“Mtaitengeneza lini? Mtoto hajala!”

Bwana shamba akapiga mwayo mrefu. Kisha Tusekile akasikia mkoromo tu.

Alirudi nyumbani mbio, akampakata Lusajo, akaanza kumdondoshea uji mdomoni kwa kijiko.

“Meza, baba. Meza.”

Uji ukachuruzika shingoni.