Nyayo Kwenye Vanishi

Zile nyayo zilikuwa zimerudi tena.

Mkavu alipiga magoti mlangoni mwa sebule, akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia sakafu, akatazama kwa upande wa mwanga wa dirisha. Vanishi aliyoipaka asubuhi ilikuwa inang'aa kama maji yaliyotulia, isipokuwa kandokando ya ukuta. Hapo mtu alikuwa amepita. Alama moja ilikuwa kamili, iliyofuata imeburutika, kisha kamili, kisha imeburutika. Hazikuwa na vidole. Huyo mtu alikuwa amevaa soksi.

"Nani kaingia humu?" alifoka.



Jina la Mkavu alilipata karakanani. Watu walimletea mbao mbichi zinazovuja maji, naye akaziingiza kwenye chumba cha joto na kuzipandishia moto kidogokidogo zisije zikapasuka. Akizigonga kwa kifundo cha kidole tu, alijua kama zimekauka mpaka moyoni. Wenye nyumba walimwita aguse plasta kabla hawajapaka rangi. Akisema bado, ni bado. Na sasa, nyumbani kwake mwenyewe, chumba kimoja kilikuwa kinamfanya aonekane mwanagenzi.

Sakafu yenyewe alikuwa anamtengenezea mama yake. Saruji ya zamani ilikuwa imechimbika, na kila siku magurudumu ya kiti cha mama yalikwama palepale. Tangu mama augue, Mkavu alikuwa hana la kumfanyia. Daktari alikuwa amezungumza maneno marefu, na yote yalimaanisha hapana, hatatembea tena. Basi akasema angalau atamtandikia sakafu ya mbao, ateleze humo ndani kama malkia. Mbao alizikausha mwenyewe, akazipanga, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Ilibaki vanishi tu.

Vanishi ikamgeuka. Mara ya kwanza hewa ilikuwa na unyevu, ikabaki inanata kama asali, na kabla haijashika, nyayo. Akakwangua, akapaka upya, akawasha feni. Feni ikaipulizia vumbi la mtaa mzima, na juu ya vumbi, nyayo. Akaleta taa za joto kutoka karakanani. Vanishi ikakauka juu, chini ikabaki mbichi, ikaota mapovu. Katikati ya mapovu, nyayo! Na leo, mara ya nne, nyayo tena.

"Mwulize shemeji yako," mama alisema kutoka ukumbini, amekaa kwenye kiti chake, blanketi limemfunika mpaka miguuni. "Humu ndani nani mwingine anavaa soksi na ndala?"

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa Mkavu. Alikuja kuwatembelea, akasahau kuondoka. Alitokea jikoni na kipande cha mkate mdomoni.

"Mimi? Shemeji, haki ya Mungu sijakanyaga!"

"Inua mguu."

Akainua. Soksi ilikuwa imetoboka kisiginoni, lakini vanishi haikuwapo.

"Umebadilisha."

"Nibadilishe nivae nini? Ninazo hizi tu. Muulize dada."

"Na unavyotembea unaburuta miguu kama mlevi! Alama zako hizi hapa!"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Msimamie, mwanangu. Huyo anakuchezea."

Mkavu hakuona cha kuchekesha. Alikuwa na vumbi la msasa puani na magoti yanamuuma. Mkewe aliporudi kutoka kazini alimkuta ameketi juu ya kopo la vanishi, chakula hajakigusa.

"Mume wangu, tandika zulia yaishe."

"Zulia linashika magurudumu."

"Basi mwache shemeji yako apumue. Kaka yangu ni mvivu, namjua. Hawezi kutembea bure bure kwenye chumba kisicho na kiti."

Hakumsikiliza. Alikwangua chumba chote tena, akanunua vanishi ghali ya kuchanganya na dawa, ile inayokauka upesi, na asubuhi akaipaka huku amezuia pumzi. Alipomaliza alimshika shemeji mkono.

"Twende wote karakanani. Leo nakuweka mbele ya macho yangu."

"Sijanywa hata chai!"

"Utainywa huko."

Mkewe alikuwa ameshatoka. Mama alibaki na redio yake, akawapungia mkono kwa furaha iliyozidi kidogo.

Walipofika karakanani, Mkavu akagundua kwamba kipimo chake cha unyevu amekiacha nyumbani. Wakarudi wote wawili, maana hakuwa tayari kumwacha shemeji peke yake. Njia nzima shemeji alinung'unika. Njia nzima Mkavu alimwambia kwamba safari hii sakafu itatoka safi, na hapo ndipo ukweli utajulikana.

Redio ilikuwa inasikika tangu getini. Mkavu aliingia kwa kunyata, akaufikia mlango wa sebule, akatazama chini.

Damu ikampanda kichwani. Alama kamili, alama imeburutika, kamili, imeburutika. Zilikuwa mpya kabisa, na vanishi ilikuwa inavutika kama gundi.

"Shemeji," shemeji alisema nyuma yake, taratibu, "mimi nipo hapa."

Mkavu alizifuata zile nyayo kwa macho, akiwa amekunja ngumi na matusi yamejaa mdomoni. Zilipita kando ya ukuta, zikakata kona, zikaenda mpaka dirishani. Safari hii hazikurudi.

"Usibaki hapo umetoa macho," alisema mama yake, amesimama wima dirishani, kiganja kimoja ukutani kama mtoto anayejifunza kutembea. "Njoo uninasue, soksi zimeganda."