Shomari Arudi Sebuleni

Siku hizi shujaa wa taifa akifa haachwi apumzike. Mashine hukirudisha kivuli chake nyumbani, kikae na kuongea kama mtu, kipokee mashabiki kila Jumapili. Ndivyo Shomari Kimbunga, mfungaji mabao asiye na mfano, alivyorudi kwenye kochi la mjane wake Bi Zamaradi, mpole kama bwana harusi.

"Enzi zangu nilikuwa nampikia mke wangu chapati," kivuli kikawaambia wageni waliojazana sebuleni.

"Wewe?" Bi Zamaradi akaangua kicheko. "Hata jiko liko upande gani ulikuwa hujui!"

Nyange, afisa wa klabu, akamwinamia sikioni. "Bibi, sheria inakataza kumpinga shujaa. Tutakuhamisha kutoka nyumba hii ya klabu."

"Nihamisheni. Miguu yake ilikuwa dhahabu, baba, sibishi. Uwanjani hata mimi nilimshangilia mpaka sauti ikanikauka. Ngumi zake je? Hizo mmezizika wapi?"

Akawageukia wageni, akavuta mdomo kwa kidole wakaliona pengo. "Hili alinipa siku aliyokosa penalti."

Nyange akatabasamu. "Usijali, bibi. Ukifa tutakurudisha ukae kando yake, na meno yote."

Bi Zamaradi akasogea mbali na kochi.

"Mke wangu mcheshi sana, jamani," kivuli kikasema, na sebule nzima ikacheka, isipokuwa mwanamke mmoja mlangoni aliyeshika shavu lake.

"Wewe usiyecheka," Bi Zamaradi akamwita, akimsogezea kigoda, "njoo ukae hapa, nikusimulie mpaka watuhamishe sote wawili."