Kitambaa cha Kupimia Mkwe

Mwaba alimwambia kijana ainamishe kichwa, akampitishia kitambaa cheupe nyuma ya shingo, akakiinua juani. Kilikuwa cheupe vilevile.

"Na masikio," akasema, maana hakuwa mtu wa kuridhika upesi.

Kijana, jina lake Donat, akatoa sikio la kulia, kisha la kushoto. Hortense, mke wa Mwaba, alijifunika mdomo asije akamcheka mgeni.

Ilikuwa mwaka ule Katanga ilipojiita nchi, na nchi mpya haiishi hamu ya ndege. Zilishuka na kupaa pale uwanjani Luano bila kujua Jumapili, malori yakizikimbilia, na nyumba ya Mwaba ilikuwa kando kabisa ya barabara ya uwanja. Naye kazi yake ni kufua nguo za watu! Asubuhi alianika mashuka meupe, jioni akaanua ya kijivu kwa masizi, huku akikohoa mpaka chakula kinapoa. Wateja wakaanza kumkimbia. Kwa hasira akaapa mbele ya ukoo mzima: binti yake Albertine ataolewa na yeyote, hata muuza samaki wa Kasomeno, ila si mtu wa Luano.

Wachumba wawili walishamdanganya kuhusu kazi zao, ndiyo maana siku hizi hakuuliza kazi. Alipima kwa kitambaa. Mtu wa uwanjani hata aoge alfajiri, saa sita mchana masizi yamesharudi nyuma ya masikio.

Na sasa ilikuwa saa tisa, Donat anang'aa.

"Huyu iko musafi, mama," Mwaba akamwambia mkewe, akashindwa kuficha furaha. "Musafi kabisa!"

"Hata mashuka leo imebakia mweupe," Hortense akajibu. "Sijasikia ndege hata moja tangu asubui."

"Mungu anatuletea mukwe na hewa muzuri siku moja!"

Mwaba akavuta pumzi ndefu, akangoja kikohozi. Hakikuja. Moyo wake ukafurahi kama wa mtoto.

Donat peke yake ndiye hakutulia. Alipapasa mfuko wa shati, wa suruali, kisha wa shati tena.

"Ulipoteza kitu, mwana?"

"Kidogo tu, papa. Itaonekana."

Albertine akaleta bia ambayo mchumba alikuja nayo. Alimimina kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umebana fundo la kitenge chake kiunoni. Mwaba akaona ni haya ya msichana, akampenda zaidi.

"Albertine," akauliza, kama desturi inavyotaka, "hii bia ya huyu kijana, tukunywe?"

"Mukunywe, papa."

Baba akishakunywa, hakuna kurudi nyuma, kila mtu analijua hilo. Mwaba aliimaliza glasi bila kupumua. Hortense akapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia.

Ndipo lori likaja mbio kutoka upande wa Luano, likasimama mlangoni, likamwaga moshi mweusi juu ya mashuka yote. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Donat! Ndege ine inangoja mafuta tangu asubui! Mukubwa alikutuma kwako utafute ufunguo ya tangi, na weye unakula karamu?"

Mwaba akageuka polepole kumtazama mkwe wake. Akatazama glasi mkononi mwake, tupu.

"Nilitafuta kila mahali," Donat akasema, jasho likimtoka. "Haionekane!"

Albertine akapiga magoti mbele ya baba yake kwa adabu zote.

"Papa, umekunywa yote?"

"Yote," Mwaba akasema, na kikohozi kikamrudia.

Albertine akafungua fundo la kitenge, akampa Donat ufunguo.