Mwanafunzi wa Sauti Moja

Vagheni aliweka simu juu ya meza, akabonyeza, na sauti ya mwanamume ikasema kwa Kiingereza: "Umeamkaje, roho yangu? Nimekukumbuka sana."

"Madame, nataka niseme sawa huyu," akamwambia mwalimu Eliane. "Sawa ye kabisa."

Miaka tisa Eliane anafundisha Kiingereza hapa Butembo, hajapata mwanafunzi wa namna hii. Kichwa kimenyolewa wembe, kinang'aa, kama mtu aliyetoka gerezani juzi. Grammaire, yaani sarufi, hataki. Maneno mapya hataki. Anataka tu kujua huyu wa kwenye simu anavuta irabu ipi, anakazia wapi, sauti inapanda wapi na kushuka wapi.

"Mwenye sauti ni nani?"

"Mutu wa kwetu, kule kijijini Alimbongo."

"Basi akuje ye mwenyewe."

"Ye haiko na lazima ya masomo tena, madame."

Ehee! Tapeli huyu, Eliane akajiambia. Ndio hawa wanaobembeleza wazungu kwenye simu hadi watumiwe pesa. Siku za mwizi ni arobaini, na zake zikifika, atamtaja nani aliyemfundisha? Eliane akaliona jina lake likisomwa redioni, darasa lake limefungwa kwa kufuli la polisi. Aliogopa kweli. Akaendelea kumfundisha, ila kwa kumpeleleza.

Juma la tatu, Vagheni alisema maneno yale ya kwenye simu hadi Eliane akasisimka. Ukifumba macho, hujui yupi ni yupi.

"Leo napiga," Vagheni akasema. "Hapa kwako réseau ya simu iko muzuri." Akabandika plasta kwenye kamera ya simu.

"Sura unaificha ya nini?"

"Kuko mambo haisemwake ku telefone, madame. Inafaa mutu afike kule kwanza, akae naye karibu."

Eliane akashika simu yake, namba ya polisi tayari chini ya kidole.

Simu ilikwenda Kanada; kule akaitika mtoto wa kike, Kiingereza kitupu. Vagheni akasema: "Umeamkaje, roho yangu? Nimekukumbuka sana." Irabu safi, mkazo mahali pake, sauti ikashuka mwishoni inavyotakiwa.

Eliane akamsikia mtoto akivuta kamasi, akakitazama kichwa cha Vagheni, kilichonyolewa kama cha mfiwa, akaondoa kidole kwenye namba ya polisi.

"Umesema kama papa kabisa," akajibu polepole. "Asante, papa mudogo. Sema tena."