Kumgeuza Mzee Wafula

Shuka ilipoinuliwa, Gordon Ondiek aliziba pua. Kidonda kilikuwa chini ya kiuno cha Mzee Wafula, upana wa mdomo wa kikombe, na ndani kilikuwa cheusi. Kinywa cha mzee, kando ya mpira wa kupumulia, kilikuwa kimekauka na kufanya ukoko.

"Huyu mtu amelala chali tangu lini?"

Nesi Lornah alisema tangu mwanzo wa mwezi. Gordon alilidharau jibu hilo. Yeye ndiye msimamizi mkuu wa hospitali ile, na manesi wa siku hizi alikwisha kuwajua: simu mfukoni, visingizio mdomoni. Vyeti wanavyo. Kumpangusa mgonjwa midomo kunawashinda.

Agneta, binti wa mzee, alikuwa amefunga kibanda chake cha mboga pale Kondele akaja kusimama kando ya kitanda. Baba yake aliletwa wodi hii ya mahututi mwezi uliopita, mapafu yamejaa, na mapafu yakaanza kupona. Asubuhi hii daktari alimwambia sumu ya kidonda imeingia kwenye damu na huenda mzee asiamke tena. Ndipo Agneta alipokwenda kumvuta Gordon ofisini aje aone kwa macho yake.

Lornah alijaribu kueleza. Mgonjwa mwenye mpira kooni hageuzwi na mtu mmoja. Mmoja hushika kichwa na mpira, mwingine huuviringisha mwili. Ukijaribu peke yako mpira unachomoka, na pumzi inakatika hapo hapo. Zamani walikuwa wawili, yeye na Dorca, hadi Dorca alipoondolewa, na sasa vitanda vyote ni vyake.

"Sista, usinipe hadithi," Gordon alimkata. "Mama yangu amepigwa na kiharusi, yuko kitandani tangu mwanzo wa mwezi, hata mkono hainui. Anaangaliwa na mwanamke mmoja tu, nyumbani, na hana hata mchubuko. Mmoja. Wewe na mashine zako zote umeshindwa na nini?"

Lornah alimtazama. Kisha akamtazama Agneta, akafungua kinywa, akakifunga. Gordon aliona hiyo ni aibu imemshika, na ikamridhisha.

Alimwambia Jumatatu afike mbele ya kamati ya nidhamu, na machozi ayaache nyumbani. Agneta alimshika msimamizi mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa kumtetea baba yake. Hilo lilimpendeza sana Gordon. Watu wadogo wanajua kushukuru, ukiwatendea haki.

Aliendesha gari kuelekea nyumbani Migosi akiwa bado amechefuka. Uvivu, basi, hakuna kingine. Watu wanaandika vitabu vizima kuuliza kwa nini wagonjwa mahututi hawaoshwi wala hawageuzwi, na jibu limesimama mbele yao na sare nyeupe.

Chumba cha mama yake kilinukia sabuni na mafuta ya kujipaka. Shuka zilikuwa zimenyooshwa vizuri. Midomo ya mama ilikuwa na unyevu, nywele zimechanwa.

"Wuoda," mama alinong'ona. Mwanangu.

Gordon aliketi akamsugua mguu. Ngozi ilikuwa laini. Roho yake ikatulia, akawaza kwamba hivi ndivyo binadamu anavyotunzwa, na angetamani yule Lornah aletwe hapa asimame pembeni ajifunze.

Yule mwanamke aliyemwangalia mama alitoka bafuni na beseni la maji ya moto. Alimwomba Gordon amshikie mgonjwa bega, kwa sababu kugeuza ni rahisi mkiwa wawili. Gordon alishika. Wakamgeuza pamoja, taratibu, na mama hata hakuguna.

Mwanamke alikamua kitambaa, akabaki amekishika.

"Bosi," Dorca akasema, "kule wodini, ulishampelekea Lornah mtu wa kumsaidia kumgeuza Mzee Wafula?"

"Mpanguse Mama mgongo kwanza," Gordon akasema.