Skrini Isiyopasua Picha

"Hiyo nayo inapasua," Fundi alisema, na dada muuzaji akashusha pumzi.

Ilikuwa skrini ya tatu kuwashwa mbele yake. Gari la mchezo lilipokata kona, picha iligawanyika: nusu ya juu imeshafika, nusu ya chini bado inakuja. Wateja wengine wasingeona. Fundi alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalizoea kutafuta mahali vitambaa viwili vilipokosa kukutana.

"Mzee, kuna hii ya 4K," muuzaji alisema. "Picha safi, unahesabu hata majani ya mti."

"Kompyuta yenyewe ya zamani. Haitaivuta."

Muuzaji alimtazama upya. "Basi tupunguze ubora wa picha, tuongeze kasi. Hii ina hezi mia na arobaini na nne, inabadilisha picha mara zote hizo kwa sekunde moja, gari halikwamikwami. Halafu ina sinki. Yaani skrini haikimbii peke yake. Kompyuta ikichelewa, inaisubiri. Zinakwenda pamoja, ndiyo maana picha haipasuki."

Fundi alimwomba arudie hapo pa kusubiri. Akarudia.

"Ni ya kijana wako? Bora uje naye achague mwenyewe. Vijana wa siku hizi wana maneno, atakurudisha hapa nayo."

"Hawezi kuja," Fundi alisema. "Nifungie hiyo."

Kijana mwenyewe walikuwa wamemzika kabla ya mvua. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni, na mwaka wa mwisho ulimtoa shuleni ukamfungia chumbani, yeye na kompyuta yake. Humo ndimo alimopata rafiki. Katika mchezo wa mbio za magari unaochezwa wawili wawili, yeye alijiita Swala na mwenzake akajiita Mwewe, kijana wa mji mwingine ambaye hakuwahi kuonana naye. Asubuhi wenzao wakiwa darasani, hao wawili walikuwa barabarani. Fundi, akishona upande wa pili wa ukuta, alisikia kicheko cha mwanawe, na wakati mwingine walibishana juu ya skrini, hezi na sinki, Mwewe akifundisha kama mwalimu wa zamu.

Baada ya maziko, Fundi aliingia chumbani kuichomoa ile kompyuta. Akakuta ujumbe unangoja. "Swala, upo?"

Angesema nini? Mtoto wa watu, huko aliko, aambiwe na nani kwamba rafiki yake amekufa? Fundi aliandika, "Nipo." Kisha akakaa kwenye kiti cha mwanawe, akaendesha gari mpaka likaingia ukutani.

Tangu siku hiyo hakuacha. Alisingizia kwamba maikrofoni yake imeharibika, na bahati ikamwangukia, kwani hata ya Mwewe ilikuwa imeharibika. Wakawa wanaandikiana tu. Mwewe alikuwa na subira ya ajabu. Fundi alipogonga, alimngoja. Waliposhika mkia, aliandika, "Si neno." Na kila walipoagana aliuliza, "Umekula?" Kijana mwenye malezi, Fundi aliwaza, na akamwombea dua kama wake wa kumzaa.

Lakini subira ina mwisho. Iko siku Mwewe angetafuta mwenzake anayejua kuendesha, na siku hiyo asingebaki mtu duniani wa kuuliza kama Swala yupo. Hilo ndilo lililomkosesha Fundi raha. Lawama zote akaitupia skrini kuukuu, iliyokuwa ikipasua picha hasa penye kona. Juzi alijikaza akamwomba Mwewe ushauri wa kununua nyingine. Jibu lilichelewa. "Hayo siyajui vizuri. Muulize muuzaji." Fundi hakushangaa sana. Nani asiyechoka kumfundisha asiyefundishika?

Alasiri hiyo aliiweka skrini mpya mezani, akaunganisha nyaya polepole kama anatunga uzi kwenye sindano. Mwewe alikuwa tayari anangoja. Wakaanza.

Picha ilitiririka. Kona zilikuja nzima. Kwa mara ya kwanza Fundi aliiona barabara yote, na mbele yake akaliona vizuri gari la Mwewe.

Lilikuwa linayumba. Liligonga ukuta wa kushoto, likarudi, likagonga wa kulia, kisha likasimama katikati ya njia, linamngoja.

Ndipo Fundi alipoelewa, na moyo ukamuuma hadi akaachia usukani wa mchezo. Kwa miezi yote hiyo alidhani ni yeye peke yake anayegonga. Kumbe mtoto wa watu alikuwa akijigongesha makusudi, asimwache rafiki yake nyuma. Mtoto wa namna hii hadanganywi. Alivuta kibodi, na machozi yakamtangulia kabla ya maneno.

"Mwanangu, nisamehe. Mimi si Swala. Mimi ni baba yake. Swala alifariki, nikashindwa kukuambia. Usijigongeshe tena kwa ajili yake."

Gari la Mwewe halikusogea. Fundi alilia bila kujizuia, mikono juu ya meza, huku magari ya watu wengine yakipita kando yao moja baada ya jingine. Alikuwa na hakika amempoteza mwanawe mara ya pili.

Kisha maneno yakatokea kwenye skrini, safi, bila mpasuko.

"Pole sana, Baba Swala. Sijigongeshi, ni kutojua kuendesha. Hata wangu hayupo. Mimi ni Mama Mwewe."