Chupa ya Mama

Siku hizi kila chupa ya dawa inasema, na inasema kwa sauti ya aliyehesabu vidonge vyake. Ndiyo maana chuoni kwetu mtihani wa mwisho wa fundi dawa ni huo: unahesabu vidonge vitano vitano kwenye sinia, unafunga chupa, unaiambia maelekezo. Mgonjwa asipokutii mwezi mzima, umefeli.

Mimi nilifeli mara mbili. Mara ya tatu nikajitia wazimu, nikaomba mgonjwa aliyewashinda wote: mama yangu. Dawa ya presha huyu mama huinywa siku kichwa kikimuuma tu, nyingine humgawia jirani.

"Wewe Tunu ndiye wa kunifundisha kunywa dawa?" alinijia juu. "Nimekunywesha dawa mimi, hujajua hata kutambaa!"

Basi chupa sikuiambia maneno ya kitabuni. Niliiambia, "Mama, ni mimi. Kunywa, usinifelishe."

Leo mkufunzi ameisikiliza ile chupa ikitoa hesabu ya mwezi. Siku thelathini, vidonge thelathini, na jirani hakuonja hata kimoja. Nimefaulu! Nimekimbia na cheti mkononi mpaka nyumbani, nikaingia ndani na viatu.

Mama alikuwa jikoni. Chupa ya mwezi wa pili, ambayo vidonge vyake nilivihesabu mwenyewe, ilisimama mezani mbele yake, naye akiisimulia jinsi anavyoogopa kufa ghafla kama bibi. Mimi hajawahi kuniambia hayo.

"Mama, nimefaulu!"

Alininyooshea kiganja bila kugeuka.

"Subiri kidogo. Naongea na Tunu."